Miaka Miwili ya Misheni, Viswahili Vitatu

Mtu wa Bukavu akisema "naenda ku misioni", anayemsikia anafikiria mahali: parokia, ua wake, shule yake, zahanati yake, na padri au sista atakayemkuta huko. Neno hilo lilikuja na mapadri wa enzi ya ukoloni, likabaki jina la mahali. Kwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, misheni ni muda. Ni miezi 24 kwa kijana wa kiume na miezi 18 kwa msichana, ambayo mtu anaacha familia, masomo na kazi ili akahubiri pale alipotumwa. Hachagui nchi. Anapokea barua ya wito, anaisoma mbele ya jamaa zake, na hapo ndipo wote wanapojua anakwenda wapi.

Mimi nilitumwa Kenya, kuanzia mwaka 2022 hadi 2024. Nia yangu hapa si kumvuta msomaji kwenye dini yangu, wala kuipigia debe. Nataka kueleza jambo ambalo linakihusu kitivo chetu moja kwa moja: misheni ni kazi ya kusema. Tangu asubuhi hadi usiku mmisionari anabisha hodi, anasalimia, anaeleza, anauliza, anakataliwa kwa maneno na anakaribishwa kwa maneno. Kwa hiyo taabu zake za kila siku, na hata kukua kwake, mtu anaweza kuvisoma katika lugha yake. Kwa msemaji wa Kiswahili kutoka Kivu aliyepelekwa mahali ambapo Kiswahili ni kingine, somo hilo huwa refu zaidi.

Kanisa na utaratibu wake

Kanisa hili lilianzishwa Marekani mwaka 1830. Nchini kwetu lilitambuliwa na serikali mwaka 1986, wakati wa Zaïre, na mwaka uliofuata misheni ya Kinshasa ikafunguliwa. Misheni ya Lubumbashi ilifuata mwaka 2010, na hekalu la Kinshasa lilifunguliwa Aprili 2019. Mimi nilibatizwa Lubumbashi, nilipokuwa ninaishi kwa mjomba wangu wakati wa masomo ya sekondari. Kenya kanisa lilipata kibali mwaka 1991. Kitabu cha Mormoni chote kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000.

Kuna tarehe nyingine ambayo mmisionari Mwafrika hawezi kuikwepa. Hadi Juni 1978 wanaume weusi hawakuruhusiwa kupokea ukuhani katika kanisa hili. Watu wenye simu mkononi wanalijua jambo hilo, na wanauliza. Mara nyingi waliniuliza mimi, si mwenzangu Mzungu, na waliuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza jirani kwa nini anarudi kwenye nyumba ambayo zamani alifukuziwa mlangoni. Swali hilo halina jibu la kukariri. Kulijibu kwa lugha ambayo si ile ya nyumbani kulinifundisha kwanza kunyamaza kidogo, kisha kusema ninachokiamini kwa maneno machache.

Siku ya mmisionari ina ratiba. Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu. Kuna mazoezi ya mwili, kunywa uji, kusoma peke yako, kusoma na mwenzi wako, kisha kutoka. Kurudi nyumbani ni saa tatu usiku, na taa inazimwa saa nne na nusu. Siku moja katika juma ni ya kufua, kununua vyakula na kuwapigia wazazi. Hadi mwanzoni mwa 2019 mmisionari aliongea na nyumbani kwa simu mara mbili tu kwa mwaka. Tangu Februari mwaka huo anaruhusiwa kila juma. Hatembei peke yake. Ana mwenzi ambaye hakumchagua, anakaa naye chumba kimoja, na baada ya majuma kadhaa au miezi kadhaa mmoja wao anahamishwa. Neno "mwenzi" lenyewe lilikuwa linawachekesha watu wa Nairobi, kwa sababu kwao mwenzi ni mume au mke.

"Mzee" wa miaka ishirini

Kabla ya kufika kwenye lahaja, nitaje istilahi za kanisa zenyewe, maana zinafaa kuchunguzwa na yeyote anayesoma tafsiri. Kundi la makanisa ya eneo moja linaitwa "kigingi". Msomaji wa Kiswahili anayeijua hema au mbuzi aliyefungwa malishoni anajua kigingi ni nini: ni kijiti kilichochomekwa ardhini. Watafsiri walifuata sitiari ya kibiblia ya hema linalopanuliwa, ambalo vigingi vyake vinaimarishwa. Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba fulani ni "rais wa kigingi" anatabasamu, lakini baada ya mwezi mmoja neno limekwisha kumezwa, kama "tawi" na "kata" yalivyomezwa.

Neno lililonigusa mimi zaidi ni "mzee". Katika machapisho ya Kiswahili ya kanisa, cheo cha mmisionari wa kiume kimetafsiriwa hivyo, ingawa mtaani wengi huacha tafsiri na kusema "elda". Kijana wa miaka ishirini, ndevu hazijatimia, anaitwa Mzee pamoja na jina la ukoo wake. Bukavu, muzee ni baba yako au mtu wa umri wa baba yako. Kijana akitaka kumheshimu aliyemtangulia kidogo humwita "vye", kutoka Kifaransa. Mombasa nilimsikia bibi mmoja akiuliza, "Huyu naye ni mzee wa nani?" Swali lake lilikuwa la semantiki, na lilikuwa zuri. Uzee katika Kiswahili hautolewi kwa barua. Mtu anaufikia kwa miaka, kwa watoto, kwa kusuluhisha ugomvi wa wengine. Nikaanza kuliona jina lile kama deni. Unaitwa mzee kwanza, halafu una miezi 24 ya kutafuta namna ya kustahili kuitwa hivyo.

Kusikia "hapana" ambayo haikusemwa

Changamoto ya kila siku ni kukataliwa. Lakini Mswahili hakatai kwa "hapana". Anasema "njooni siku nyingine", "Mungu akipenda", "baba mwenye nyumba hayupo", "leo nina wageni". Mwezi wa kwanza kijana anaandika ahadi hizo zote katika daftari lake na kuzifuata. Mwezi wa tatu anajua kwamba "njooni siku nyingine" isiyo na siku ni mlango uliofungwa kwa adabu. "Njooni Alhamisi, jioni" ni mwaliko. Tofauti iko katika kutaja wakati, na hakuna kitabu cha sarufi kilichonifundisha hivyo.

"Karibu" nayo ina kazi mbili. Inaweza kuwa mwaliko, na inaweza kuwa jibu tu la "hodi", kwa sababu hodi haiachwi bila jibu. Anayeingia ndani kwa sababu amesikia "karibu" moja anaweza kumkuta mwenye nyumba akiwa bado anafunga kanga. Tulijifunza kungoja karibu ya pili.

Halafu kuna chai. Wamormoni hawanywi chai, kahawa wala pombe. Agizo hilo, linaloitwa Neno la Hekima, ni la mwaka 1833, na linataja vinywaji vya moto. Viongozi wa kanisa walifafanua kwamba maana yake ni chai na kahawa. Sasa mweleze mama wa Kikenya jambo hilo kwa Kiswahili. Amekwisha kupika maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, vikombe viko mezani. Ukisema "hatunywi vinywaji vya moto", anauliza mara moja, "Hata uji?" Uji tunakunywa. "Na maziwa moto?" Nayo tunakunywa. "Basi tatizo si moto." Ni kweli, tatizo si moto. Mama huyo amekwisha kuonyesha kwamba maana ya maneno mawili yakiwa pamoja si jumla ya maana ya kila moja, somo ambalo sisi tunalipata mwaka wa kwanza.

Kwetu Kivu kukataa kilichotengwa ni kumkataa aliyekitenga. Ndiyo maana nilijifunza kuomba kabla ya kukataa: "Mama, tunaomba maji, tumetembea jua kali." Maji yakiletwa, mgeni ameshapokea, na chai inaweza kubaki bila mtu kuaibika. Mpangilio wa sentensi mbili ulinisaidia kuliko maelezo yote ya mafundisho.

Nairobi: kiambishi kilichonikumbusha nyumbani

Nilianza upande wa mashariki wa Nairobi. Kule vijana huongea Sheng, ofisini watu huongea Kiingereza, kanisani huchanganya Kiingereza na Kiswahili. Mimi nilikuwa na Kifaransa, ambacho hakikuwa na kazi, Kimashi, ambacho hakuna aliyekijua, na Kiswahili cha Bukavu, ambacho kila mtu alidhani anakijua.

Nieleze kwa ufupi Kiswahili hicho kwa wasomaji wasio wa kwetu. Tunasema "mutu" na "batu", "mutoto" na "batoto". Tunasema "ku soko" na "mu nyumba" pale ambapo wengine husema "sokoni" na "nyumbani". Kitu kidogo ni "katoto", "kanyumba", na vikiwa vingi ni "tutoto", "tunyumba". "Iko" hutumika kwa mengi: kitabu iko, maji iko, mambo iko. Bei tunazitaja kwa Kifaransa. Mkubwa kwa umri tunamsemesha kwa wingi: "Munaenda wapi, baba?" Nairobi, mzee anayeulizwa hivyo hugeuka nyuma atazame nani mwingine yuko naye.

Kuna pia maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. "Mbele ya kula" kwetu ni kabla ya kula. "Munganga" kwetu ni daktari au muuguzi wa hospitali, mwenye koti jeupe. Mkongomani akisema Nairobi kwamba mtoto anaugua na wanampeleka kwa munganga, msikilizaji anawaza hirizi na mizizi. Neno ni moja, lakini heshima ya mama huyo imeshuka bila yeye kujua.

Siku moja mwenzi wangu wa kwanza, kijana wa Bungoma, alinieleza tabia ya jirani yetu: "Huyo anakulanga usiku sana." Nilimwomba arudie. Mimi ningesema "anakulaka". Kiswahili cha shule kinasema "hula". Yeye alikuwa na "-ang-", mimi nilikuwa na "-ak-", na vyote viwili vilikuwa vinafanya kazi ileile: kueleza jambo ambalo mtu amelizoea. Akaniambia kwamba katika Kibukusu chake pia kuna "-ang-" ya namna hiyo. Lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi cha aina hii mwishoni mwa kitenzi, na wataalamu wanakirudisha hadi Kibantu cha kale. Kiswahili sanifu kimechukua njia nyingine, cha "hu-" mwanzoni. Maana yake ni kwamba watoto wa Bungoma na wa Bukavu, ambao hawajawahi kuonana, wanasahihishwa na walimu wao kwa kosa moja, na kosa hilo ni mali ya bibi zao.

Baada ya siku hiyo nilianza kuandika. Kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, niliweka katika daftari sentensi tatu: kama zilivyosemwa na mtu niliyekutana naye, kama ningezisema Kadutu, na kama zinavyotakiwa kitabuni. Nilikuwa sijasikia bado neno "isimu" likitumika kwa kazi ya namna hiyo.

Mmarekani mwenye Kiswahili sanifu

Mwenzi wangu wa tatu alitoka Utah. Kabla ya kuja alifundishwa Kiswahili kwa majuma kadhaa katika kituo cha mafunzo, kwa kitabu, ngeli moja baada ya nyingine. Alikuwa anasema "vitabu vyangu viwili vimepotea" bila kukosea hata kiambishi kimoja. Mimi, niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, nilikuwa nasema "bitabu byangu bibili bilipotea".

Watu walimpigia makofi. "Mzungu anaongea Kiswahili sanifu kuliko sisi!" Kisha wakanigeukia mimi na kucheka, bila ubaya, kama tunavyocheka wimbo wa Kongo tusioelewa maneno yake. Wengine waliniuliza kama Kiswahili nimejifunzia Kenya. Yeye alihesabiwa kwa hatua alizopiga, na mimi nilihesabiwa kwa hatua zilizobaki. Ilikuwa taabu ya kila siku, ndogo na isiyo na jina, na ilinichosha kuliko jua.

Kilichoibadilisha taabu hiyo kilikuwa maswali yake. Alikuwa amezoea kuuliza sarufi, basi akaniuliza yangu. Kwa nini "bitabu" na si "vitabu"? "Bi-" inarudi kwenye kila neno la sentensi? Ukitaka kusema kitabu kidogo unafanyaje? Sikuwahi kuulizwa maswali hayo na mtu yeyote. Nilijibu, naye akachora jedwali. Lilikuwa na safu zilizonyooka. "Bi-" ilirudi kila ilipopaswa kurudi. "Ka-" ilikwenda na "tu-" bila kukosa. Kijana aliyesifiwa kwa sarufi alikuwa ananionyesha kwamba nami ninayo.

Ngeli zetu zina mambo yake. Mbele ya baadhi ya nomino, hasa za vitu visivyo na uhai, wasemaji wengi wa Bukavu hutumia "i-" moja kwa karibu kila kitu, na hilo ni badiliko halisi la mfumo. Badiliko si uharibifu. Kiingereza cha mwenzangu kilipoteza jinsia za nomino zake karne nyingi zilizopita, na hakuna anayewaonea huruma Waingereza.

Mombasa: wenyeji nao wamesahihishwa

Mwaka wa pili nilihamishiwa Mombasa. Nilikwenda nikidhani kwamba huko pwani, kwenye chimbuko, nitakikuta hatimaye Kiswahili cha kitabuni kikitembea barabarani. Nilikuta Kimvita. Njia ni "ndia", macho ni "mato", kichwa ni "kitwa". Asubuhi nilijifunza kusema shikamoo, ambayo Bukavu haitumiki, na kuingoja marahaba. Majirani zetu wengi walikuwa Waislamu. Hao hatukwenda kwao kwa mahubiri. Tulisalimiana, tukasaidiana kubeba maji, tukaulizana habari za wagonjwa.

Jirani mmoja, fundi seremala wa makamo, alipenda mashairi ya zamani. Siku moja alinisikia nikijisahihisha katikati ya sentensi, nikiacha "mu nyumba" na kusema "nyumbani". Akauliza kwa nini. Nikamwambia nataka kusema vizuri. Akacheka, akasema, "Hata sisi twaambiwa twakosea."

Historia inamuunga mkono. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, wakoloni Waingereza waliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha katika maeneo yao ya Afrika Mashariki. Kimvita, kilichokuwa na fasihi yake ya karne nyingi, kikawekwa kando. Wamisionari walikuwa na mkono mkubwa katika hoja hizo za kabla na baada: wa Mombasa walikuwa wamefanya kazi zao kwa Kimvita, wa Zanzibar kwa Kiunguja, kila upande na Biblia yake na kamusi yake. Sanifu ilizaliwa mezani, kwa sababu za shule, utawala na uchapaji, na ni chombo kizuri. Hata makala haya yameandikwa kwacho. Lakini si asili ambayo sisi tumeiacha.

Kwetu pia wamisionari waliandika. Mwaka huohuo wa 1928, John Whitehead na mwenzake walichapa Wayika, kando ya mto Lualaba, kitabu cha sarufi na msamiati wa Kingwana, wakakiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja: si uharibifu, si Kiswahili cha wapagazi. Kiswahili kilifika Maniema na kandokando zake kwa misafara ya karne ya 19, kikachukuliwa na watu wenye lugha zao, wakakifanya chao. Karibu miaka mia moja imepita tangu kitabu hicho kitoke, na bado katika madarasa yetu tunasikia kwamba Kiswahili cha Kivu "hakina sarufi".

Mlango wa mama wa Walungu

Kabla ya kuondoka Kenya nilirudishwa Nairobi kwa miezi ya mwisho. Wakati huo ulimi wangu ulikuwa umenyooka. Niliweza kusalimia, kueleza na kuaga bila mtu kuuliza natoka wapi. Tulibisha hodi kwenye chumba cha mama mmoja. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akajibu kila neno kwa "sawa". Mgongoni alikuwa na mtoto aliyefungwa kwa kikwembe, na jinsi alivyokifunga ilikuwa ya kwetu.

Nikabadilisha. "Jambo yenu, mama. Mi niko mutoto wa Bukavu, wa Kadutu."

Alinitazama kwa muda. "Wa Kadutu? Uko unasema kweli?" Kisha akaachia kitasa. Alikuwa wa Walungu, alikuwa amekaa Nairobi miaka minne. Tulizungumza karibu saa nzima, na dini haikutajwa ila katika sala ya kuagana. Alizungumzia soko la Nyawera, sambaza wa ziwa, bei ya sombe kule Nairobi ambako wanaiita kisamvu na hawaijui kuipika. Aliniambia kwamba kwenye ofisi na hospitali huwa anaongea kidogo sana, kwa sababu akiongea wanamwona kama mtu asiyesoma. Alikuwa amesoma hadi diploma ya serikali.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyotoa. Mama mwenye elimu ananyamaza mbele ya daktari kwa sababu ya "mu-" na "ba-". Akisema munganga, anaeleweka vibaya. Akisema mbele ya kumeza dawa, anaeleweka vibaya pia, na hapo ni afya ya mtoto. Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda, na katika mitaa ya Nairobi, Wakongomani wengi wanahojiwa, wanatibiwa na kufundishwa kwa Kiswahili ambacho wote waliopo chumbani wanadhani ni kimoja. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, wa kwetu waliovuka mipaka wameongezeka, na nchi walizoingia zina Kiswahili chake kila moja.

Kurudi

Nilirudi nikapita Kigali, nikavuka Ruzizi kwa miguu na sanduku langu. Mama yangu alikuwa amekwisha kuniambia kwenye simu za kila juma kwamba kitu kinabadilika. "Unasema sasa sawa batu ba ku radio," alisema, na sikujua kama anasifu au analalamika. Nyumbani nilielewa kwamba alikuwa anafanya yote mawili. Jamaa waliniomba niongee na wageni, "kwa sababu wewe uko na Swahili bora". Wadogo zangu walianza kujisahihisha mbele yangu, na mama akaanza kuwa mkimya mezani, kama yule mwenzake wa Walungu mbele ya dirisha la ofisi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba Kiswahili nilichopewa na misheni kinaweza kuwa ngazi au fimbo. Niliamua kwamba mezani kwa mama ninasema cha mama. Nilipojiandikisha katika lugha za Kiafrika, wajomba waliuliza kwa nini nisome lugha ambayo tayari ninaijua. Daftari la Nairobi lilikuwa jibu langu, na bado ninaliongezea.

Watu huuliza aliyerudi misheni amekua namna gani. Wengine hutaja nidhamu ya kuamka, kuvumilia mwenzi mgumu, kufua na kupika. Hayo yote ninayo kwa kiasi chake. Lakini kukua ninakoweza kukuonyesha kwa ushahidi ni huku: nilikwenda nikiwa na Kiswahili kimoja nilichokionea haya, nikarudi nikiwa na vitatu, na ninajua kila kimoja kinafaa mlango upi.

Ninatoa pendekezo kwa kitivo. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kinatuunganisha na majirani. Tunahitaji kufundisha sanifu, na kuifundisha vizuri. Pamoja nayo tuandae orodha ya maneno ya Kivu yanayopotosha maana kwingine, tukianza na ya hospitali, ya ofisi ya uhamiaji na ya shule, na tuipeleke kwa wakalimani wa Nakivale, Nyarugusu na Nairobi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wenye madaftari, na kila mmoja wetu ana mama, shangazi au jirani wa kumsikiliza. Mimi nina kurasa arobaini na tatu. "Munganga" iko ukurasa wa kwanza.